Udongo wa Mzee Njenga

Jumatatu, 3 Machi 2008

Nimerudi leo kutoka Soy, kwa mama, nilikokimbilia na mtoto vita vya uchaguzi vilipoanza. Nyumba iko sawa. Mume wangu Gideon amenona. Nikaenda stoo kuchukua mahindi — nikakuta udongo. Magunia tisa. Na gurudumu la kufinyangia, limefunikwa turubai.

Siwezi kukosea. Ni stoneware, ule udongo wa vyombo vigumu, wa kahawia nzito, ambao Mzee Njenga aliletewa na lori kutoka Nairobi. Ukiwa mbichi unafanana na ugali wa wimbi. Miaka sita nimeufanyia kazi kwa karakana yake ya ufinyanzi hapa mjini.

Nikamuuliza Gideon. Akasema aliuokoa, vijana wangeumwaga. Alikuwa anatafuna nyama akisema hivyo, mafuta kwa kidevu. Mimi sikuweza kula.

Jumatano, 12 Machi

Nimeenda kampi ya waliofukuzwa, pale showground. Hema ya Mzee Njenga na mkewe, Mama Muthoni, iko karibu na vyoo. Harufu inaingia mpaka kwa blanketi.

Mzee amekalia jerikeni. Mkono wa kulia una bandeji, vidole vitatu havipo. Alisikia karakana inaibiwa, akakimbia kuangalia. Panga ilimpata hapo mlangoni. Kisha vijana wakaichoma.

Mama Muthoni akaniuliza kama kuna kitu kilibaki. Nikasema hakuna, Mama, yote iliungua. Akanishika bega, akaniambia pole kwa kupoteza kazi. Yeye! Ananiambia mimi pole.

Alhamisi, 20 Machi

Kipyego wa posho mill, tunakosaga unga, ameniita pembeni. Anasema mlango wa karakana haukuvunjwa. Gideon aliufungua na ufunguo, wengine wakaingia nyuma yake. Sijui nani alikuwa na panga, akasema, na hakuniangalia.

Ufunguo niliuacha kwa kabati nikienda Soy. Mzee alinipa mwenyewe ili niwe nafungua asubuhi. Nimetoa nguo zote. Haupo.

Tunalala kitanda kimoja. Akinigusa ngozi inanisisimka vibaya.

Ijumaa, 25 Aprili

Gideon amepata oda ya vikombe, hoteli fulani. Nilikataa siku mbili. Akasema basi atasiriba zizi la ng'ombe na huo udongo. Nikaketi kwa gurudumu.

Udongo umekaa tangu Disemba, umeanza kunuka kama maji ya maua yaliyosahaulika. Hapo ndipo unakuwa mzuri, laini, hausumbui. Ulipanda juu vizuri tu chini ya vidole vyangu. Vikombe kumi na vinne. Cha kumi hivi nikajipata naimba.

Hicho ndicho kinanichukiza kuliko Gideon. Niliimba. Kwa gurudumu la mtu asiye na vidole. Nimesugua mikono na sabuni ya unga mpaka ikawasha, bado kuna kahawia chini ya kucha.

Jumatano, 14 Mei

Watu wanarudishwa kutoka kampi. Kamati ya amani itapita hapa Jumamosi na Mzee Njenga na Mama Muthoni. Mtu amewaambia kuhusu gurudumu. Kipyego, nadhani.

Gideon hajaogopa. Amevunja vile vikombe, hata havijafika hotelini, akavifukia nyuma ya choo. Halafu akasimama mbele ya kioo akifanya mazoezi: "Tuliwatunzia. Jirani ni jirani." Akaniuliza kama inasikika vizuri. Nikaenda kukamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa.

Jumamosi, 17 Mei

Niko jikoni. Nimewaambia nachemsha chai.

Gideon alifungua stoo, akasema maneno yake. Wazee wa kamati wakapiga makofi. Mama Muthoni akalia, akamshukuru, akamshika mikono yote miwili. Nikaangalia ukuta.

Ndipo Mzee Njenga akasema, polepole kabisa: "Mlango ulikuwa wazi nilipofika. Haukuvunjwa."

Gideon hakungoja. Akaninyooshea kidole, akasema: "Ni mke wangu Chepkirui alinipa ufunguo kabla ya kwenda Soy, akaniambia niokoe mali ya Mzee." Makofi tena. Mama Muthoni akanikumbatia, machozi yake kwa shingo yangu, akaniita binti yangu. Mzee alikuwa ananiangalia tu.

Chai imemwagika kwa jiko. Nimezima.

Gideon amekuja hapa mara mbili. Ya kwanza alitabasamu. Ya pili alifunga mlango, akasema chini chini: ukifungua mdomo, kumbuka ufunguo ulikuwa wa nani.

Ni kweli. Ulikuwa wangu. Na nilimdanganya Mama pale kampi. Nikisema ya mlango, hiyo pia itabidi niseme.

Sasa kiti kinavutwa sebuleni. Mzee anasema hataki chai, anataka kuongea na mimi peke yangu. Gideon anamwambia keti, Mzee, chai inakuja. Hatua za Mzee hazisimami. Gideon amemtangulia, amejaa kwa mlango wa jikoni, mgongo kwangu.

Nimemwambia apishe. Hajapisha.

Nimemwambia tena, kwa sauti ya kusikika sebuleni.