Sahihi Tatu za Mtu Mmoja

Mama Abigaïl, mshauri wetu wa gazetini, nakuja kwako na aibu ya mtu mzima, nipokee. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, nilizaliwa hapa Lubumbashi, tukafukuzwa sisi wenye asili ya Kasai mwaka 1992, nikakaa Kananga miaka ishirini na sita, na niliporudi nikakuta nyumba yangu ina jina la mtu mwingine, kwa karatasi iliyotiwa sahihi na mtu mmoja tu. Sasa napanga chumba katika mtaa wa Hewa Bora. Labda ndiyo sababu, nilipojifunza kuandika mikataba ya kompyuta, ile inayowekwa kwenye blockchain, daftari la pamoja la mtandaoni lisilofutika, niliandika kwanza kipande cha code cha kuhesabu sahihi, ili haki ya mtu isihamishwe mpaka watu watatu wa komite wakubali, nikakiweka wazi kwenye internet ili vijana wakitumie katika kazi zao bila kuanza upya, na wengi wamekichukua.

Mmoja wao ni Chancelvie, mwanafunzi wangu, aliyekitia katika mkataba wa chama cha akina mama wa soko, wa kuonyesha nani ana meza ipi. Alinipigia simu akicheka: "Papa, code yako inafunga nguvu kupita kadena ya Bachinois ya mulango! Nilikamata yote vile iko, hata virgule moja, hata nukta, sikugusa!" Nyuma yake nikamsikia rais wao, Mama Albertine: "Umuambie mwalimu, dimanche tunachoma daftari ya zamani ya meza! Na yeye akuye kula bukari!"

Nilicheka nao, na huku tangu siku mbili kabla nilikuwa najua: kipande changu kinahesabu sahihi lakini hakiulizi kama ni za watu tofauti, hivyo mtu mmoja wa komite akitia sahihi mara tatu kinamhesabu watu watatu, na peke yake anaweza kumwondoa mjane kwenye meza yake, na mkataba ukishawekwa kule haufutwi wala haurekebishwi. Nakala yangu nimeisahihisha kimyakimya, najiambia wajao watapata iliyo nzima, na hawa wa sasa ni watu wema, nani atajaribu? Lakini Jumapili daftari linachomwa. Ninyamaze, au niseme nipoteze hata jina la mwalimu, kitu pekee nilichobaki nacho?

Mwalimu Paulin, Hewa Bora

*

Mwalimu Paulin, pole kwa nyumba. Hiyo pole haina "lakini" nyuma yake.

Sasa nisikilize. Unasema hawa ni watu wema. Kama wema wa watu ungekutosha, usingeandika code. Wewe unajua kuliko sisi sote sahihi ya mtu mmoja inavyoweza kumtoa mtu nje, na bado unaniuliza kama unyamaze?

Kukosea si dhambi. Dhambi yako ni kusahihisha nakala yako na kuiacha ya Chancelvie. Binti hakugusa hata virgule kwa sababu aliona jina lako juu yake. Umemwacha acheke peke yake, Papa. Si vizuri.

Gazeti linatoka Ijumaa, una siku mbili kabla ya Jumapili. Mpigie simu, usimtumie ujumbe wa kuzungukazunguka. Daftari lisichomwe. Aandike mkataba mpya wenye kipande kilichosahihishwa, ahamishe orodha ya meza mbele ya komite nzima, na chama kitangaze sokoni kwamba ule wa kwanza hakiufuati tena. Na kabla ya kuukubali huo mpya, Mama Albertine mwenyewe ajaribu kutia sahihi mara tatu. Mkataba ukimkatalia hata yeye, rais, basi ni mkataba kweli.

Wako pia wale usiowajua kwa sura. Pale ulipoweka code, andika juu kabisa, kwa jina lako: toleo lipi lina kosa, kosa gani, wachukue lipi. Usilifiche chini kwa herufi ndogo.

Kuhusu jina la mwalimu, umefundisha miaka mingapi? Mwalimu akikosea ubaoni hufuta mbele ya darasa, hangoji watoto waende nyumbani. Piga simu sasa. Gazeti utalimaliza baadaye.