Wanawake Wanakaa Wapi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Shule zimefungwa. Nilikusudia kulala mpaka nichoke. Asubuhi mlango ukagongwa — yule mwanamke mgeni wa nyumba ya juu kwenye mawe, mumewe injinia wa reli. Hapa Pasiansi wote tunamwita Mturuki. Kumbe anaitwa Zozan. Amesikia mimi ni mwalimu, anataka nimfundishe Kiswahili likizo hii. Nikatoa kiti, nikatoa na kitabu cha darasa la kwanza. Akavikataa vyote viwili kwa adabu. Anataka tutembee, nimfundishe njiani. Kiswahili chake amejifunzia kwenye simu, kinachekesha, lakini hakosi la kusema.

Akaniuliza swali ambalo mpaka sasa linanizunguka kichwani.

"Modesta, hapa wanawake wanakaa wapi?"

Nikamjibu: nyumbani. Sokoni. Kanisani. Saluni. Akatikisa kichwa. Alimaanisha kukaa tu. Nje. Bila kuuza, bila kusukwa, bila kusali. Nikahesabu mitaa kwa vidole, sikupata hata mmoja. Mimi, mzaliwa wa Magu, niliyezeekea Mwanza!

Jumatano, 11 Juni

Tumetembea hadi Kirumba na kurudi. Nauona mji kama vile nimeshuka kwenye basi leo. Wanaume wamekaa kila mahali — kijiwe cha bodaboda, kijiwe cha drafti, hata kwenye ukuta wa kanisa letu. Wanawake wote tuliopishana nao walikuwa na kitu mkononi au kichwani. Aliyekaa, anauza. Na mimi nilibeba mfuko. Nimefika nyumbani ndipo nikagundua ulikuwa mtupu. Nadhani niliubeba ili nionekane nina ninakokwenda.

Mama mmoja muuza dagaa alimwita Mturuki. Zozan akasimama, akamwambia taratibu kwamba yeye ni Mkurdi. Mama akataka kujua huko Ukurdi ni wapi. Zozan akachora milima hewani kwa kidole, kisha akaikata kwa mipaka — huku Uturuki, huku Iraki, huku Irani, huku Siria. Mama akafikiri, akasema basi ni kama Wajaluo, wako kwetu na wako Kenya. Zozan amelipenda hilo! Amelirudia njia nzima.

Jumamosi, 14 Juni

Leo chai kwa Zozan. Amenihadithia habari za mama yake. Katika mji wa kale wa Diyarbakir mama huyo alikuwa anakaa mlangoni na majirani, kwenye kichochoro cha mawe, wakichambua dengu na kupiga soga. Yakaja mapigano, mtaa ukabomolewa, wakahamishiwa maghorofani. Huko juu mlango unafungukia kwenye ukuta. Mama akawa hasemi. Mpaka siku alipoteremka na mkeka, akautandika kwenye kipande cha nyasi kando ya magari. Mlinzi akamfukuza. Kesho yake akateremka tena. Sasa wako wanawake tele pale, na mlinzi anapelekewa chai.

Mama huyo hajui Kituruki. Zozan tangu akiwa mdogo ndiye aliyemtafsiria hospitali. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia kwamba mama yangu naye alijua Kisukuma tu, na kwamba mimi ndiye niliyemweleza daktari mambo ambayo mtoto hapaswi kuyatamka kuhusu mwili wa mama yake. Zozan akaweka kikombe chini.

"Na wewe pia," akasema.

Basi. Akanimiminia chai nyingine.

Jumanne, 17 Juni

Tumekaa kijiweni!

Ni kwa mzee Machibya, muuza kahawa wa pale njia panda. Zozan aliona benchi lina nafasi, akaenda. Nikamfuata. Mazungumzo ya mpira yakakatika. Nikamwamkia mzee shikamoo, akaitikia, akaniuliza mwalimu namtafuta nani. Nikasema tunataka kahawa. Akauliza kama tunaondoka nayo.

"Tunakaa," Zozan akasema.

Kahawa chungu, kashata tamu. Mgongo wangu ulikaza kama siku ya mkaguzi. Kisha Zozan akauliza habari za daraja jipya la Busisi, lile la kuvuka ziwa, na hapo ndipo benchi lilipofunguka. Mmoja akalisifu, mwingine akaanza kulalamikia foleni za kivuko, wakabishana, kila mmoja akimgeukia Zozan awe upande wake. Haelewi hata nusu! Mimi nilicheka mpaka nikasahau nimekaa wapi.

Jumatano, 18 Juni

Mume wangu, Josephat, ameambiwa habari za kijiwe. Rafiki yake Antoni alituona. Josephat hakuja na hasira, afadhali angekuja nayo. Amekuja na mshangao. Mume wangu wa miaka yote hii, amekaa ukingoni mwa kitanda akiniuliza nilikuwa namsubiri nani. Nikasema simsubiri mtu. Akauliza tena, kwa upole kabisa.

"Modesta, mwanamke hakai barabarani bila kumsubiri mtu."

Nikamuuliza yeye kwenye drafti huwa anamsubiri nani. Akacheka. Halafu akaacha kucheka. Akasema yeye ni mzee wa kanisa, watu watasema. Tumelala kila mmoja na ukuta wake.

Jumapili, 22 Juni

Picha imeingia kwenye grupu la mtaa. Mimi na Zozan kijiweni. Chini yake wameandika: mwalimu wetu kahamia huku. Emoji za kucheka zimejaa.

Mchana mwalimu mkuu, mama Getruda, akapiga simu. Mzazi mmoja amelalamika, anauliza mabinti wanajifunza nini kwangu. Akaniomba nipumzike na kijiwe mpaka shule zifunguliwe. Nikasema nimesikia. Akakata. Baada ya muda akapiga tena — eti kahawa ya Machibya ni nzuri kama wanavyosema?

Josephat aliishika simu akaitazama ile picha muda mrefu. Akasema, "Hapa umecheka." Akanirudishia. Sijui kama ni lawama. Nimelifikiria jioni yote.

Jumanne, 24 Juni

Zozan na mumewe wako Dar kwa ajili ya vibali, watarudi wiki ijayo. Aliniambia nimsubiri, nisijisumbue peke yangu.

Nimekuja. Naandika nikiwa hapa hapa benchini, daftari gotini, mkono mwingine mtupu. Mzee Machibya amenimiminia bila kuuliza chochote. Vijana wanabishana habari za usajili. Hakuna anayenipiga picha, au labda wapo, sikugeuka.

Josephat ametokea upande wa pili wa barabara. Kavaa shati la kazini. Amesimama, ameniona, amevuka. Amewasalimia wote, mimi wa mwisho. Mzee kampa kikombe. Anakinywa amesimama, anatazama ziwani kama vile kuna kitu huko.

Nafasi kwenye benchi ni moja.

Winnie, muuza mitumba wa pale kona, anakuja huku anajifuta jasho. Biashara yake kaiacha wazi. Ananiuliza kama hapa pana mtu.

Nimemtazama Josephat. Naye ananitazama. Nimesema hapana mtu, karibu ukae.