Ile Kimya Nilikuwa Naita Mungu

Butembo, Mususa, tarehe 9 mwezi wa kumi 2025

Kwako Mama yangu mupendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi binti yako Mélanie. Nakuandikia nikiwa muzima wa mwili, na natumaini barua hii itakukuta na weye ukiwa unasimama. Magoti iko namna gani? Ile dawa ya kupakaa haijaisha? Na ile mbuzi yako ya kichwa ngumu, bado inaruka lupango na kukula mihogo ya jirani? Tangu vita ikate réseau ya simu kule Kayna, mimi naulizaka batu benye kutoka huko, na kila mutu ananijibu yake. Vagheni, ule muuza maharagi, ndiye atakuletea hii barua. Umupe chai, mais usimupe siri yoyote, kinywa yake unaijua.

Sisi hapa tuko. Mvua inanyesha kila siku nyuma ya saa nane, barabara ni matope, mashine yangu ya kushona inakata uzi kama kawaida, na uniforme za batoto ba shule zimejaa mupaka ku kitanda. Hiyo ndiyo habari nzuri. Nimeanza nayo kwa sababu ingine hakuna.

Barua yako ilinifikia siku ya kwanza ya hii juma. Niliisoma nikisimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena. Umeniandikia kwamba miezi ine imepita tangu Jephté, mutoto wako wa mwisho, apotee ku mashamba ya upande wa Beni. Kwamba babaake badogo banataka kuwasha moto wa kilio, banyoe vichwa, misa isomwe. Na kwamba weye umekatala. Umesema unangoja neno langu. Niingie ndani, kule naingiaka mu sala, nimuulize Mungu kama mutoto bado anapumua. Nikisema ndiyo, utaendelea kumungoja. Nikisema hapana, utawasha moto. Ee Mama! Hata juge mwenye kukata kesi mu tribunal hapewe kazi ya namna hii.

Acha nikueleze hii mambo ya kuingia ndani ilianza namna gani, juu weye ulisikiaka sifa tu. Miaka saba sasa, Padri Mathe alirudi kutoka masomo, akakusanya bamama ba shirika yetu. Alisema tumezoea kumupigia Mungu makelele kama mutu mwenye kuita pikipiki ku barabara, kumbe Yeye anakaa ndani yetu, chini kabisa, anangoja tunyamaze. Alitufundisha kukaa ku mukeka mugongo wima, kufuata pumzi, kutaja jina la Yesu polepole, na kila wazo likikuja, kuliacha lipite bila kugombana nalo. Na mimi, Mama, mimi mwenye kugombana na kila client juu ya mukunjo wa suruali, niliweza! Nilimaliza nusu saa bila kujikuna. Bengine balikuwa banakoroma. Donc Padri akanichagua niongoze kikundi, kila siku ya ine muchana.

Sasa sisi batu ba huku, unatujua, kila kitu tunaigeuza bureau ya serikali. Mama mumoja alikuwa anaenda Kasindi na bidhaa zake, akaniomba, kwa vile mimi nashukaka mupaka kwa Mungu, nimuulizie kama njia ni nzuri. Nilikaa, nikamuambia najisikia amani. Alienda, akarudi salama. Basi, ikaisha! Kutoka ile juma bakaanza kuniita Mama wa Ndani. Mbele ya safari ya Beni, mbele ya kurudi shamba, mbele ya kupeleka mutoto opération, mutu anapita kwangu kwanza. Padri alikasirika, alisema sala si guichet ya kuulizia njia. Nilimuitikia vizuri, na kesho yake nikapokea mutu mungine. Nilipenda, Mama, niseme wazi. Nilipenda namna balikuwa bananiangalia.

Jephté peke yake alikuwa ananicheka. Alikuwa ananiita Madame Antenne, na akipita ku mulango alikuwa anauliza kama leo Mungu anashika vizuri. Mais mwezi wa sita alikuja na bottes zake, viatu vya matope, mu sachet, na hakucheka. Kakao ya marehemu baba ilikuwa imeiva, ingine imeanza kuwa nyeusi ku muti, na kila juma tulikuwa tunasikia bauaji bamechinja batu mu mashamba ya kule. Aliniambia kwamba nikisema asiende, ataacha kakao ioze, abaki hapa anipigie pasi nguo za baclient. Alisema hivyo bila muchezo. Nilikaa ku mukeka wangu asubuhi, yeye anakunywa chai inje mu cour. Nilipotoka nilimuambia nimepata amani, aende. Alinikumbatia, akafunga bottes ku baisikeli, akaondoka na bijana babili ba hapa kwetu. Nyuma ya siku tano baaskari bakaleta maiti ya bale bijana babili na ile baisikeli. Jephté hakuonekana, wala muzima wala mufu. Hayo unayajua.

Mutu mwenye hujui ni Bénite. Ni mukimbizi, anapanga nyumba nyuma ya yangu. Batoto bake babili balipotea siku kijiji yao ilichomwa. Mwaka jana alinipigia magoti niingie ndani juu yao. Nilimuambia nimebaona mu mwangaza, ni bazima, bako njiani. Nilidhani nampa kadawa ka kumusukuma siku mbili tatu. Mama, mupaka leo ule mwanamuke anapika bugali ya batu batatu kila magharibi, na anafunika sahani mbili. Hajalia hata siku moja. Misa hajaomba. Bajirani bakimushauri aombe, anabajibu kwamba Mama wa Ndani aliona. Kila asubuhi ananisalimia na furaha, ananishika mikono yote miwili, na mimi nasikia haya mupaka ku mifupa.

Sasa ukae chini, Mama, mbele ya hii barua kuendelea.

Mimi kule ndani sijakutanaka na mutu. Miaka saba. Nashuka, nashuka; kwanza ni kelele ya mashine, halafu maumivu ya mugongo, halafu maneno yenye baliniambia ku soko, halafu kimya. Kimya tu, kama nyumba yenye benyeji balihama. Mwanzo nilidhani Mwenyewe ametoka kidogo. Nikangoja. Bamama bengine balikuwa banashuhudia kwamba banamusikia, banalia machozi, na sikutaka kuwa mimi peke yangu mwenye ndani tupu. Donc ile kimya nikaiita Mungu, na kila mutu akaamini, na mimi pia niliamini siku zingine.

Na ile asubuhi ya Jephté haikuwa hata kimya. Ilikuwa woga. Moyo ulikuwa unasema wazi kabisa: asiende, asiende. Na mimi, mwanafunzi muzuri, nikafanya vile nilifundishwa. Nilipumua, nikataja jina, nikapumua tena, nikaacha ule woga upite kama wazo lingine lolote, mupaka ukaisha wote. Ndiyo nikatoka inje, nikamupelekea ndugu yangu ile amani. Pengine ule woga ndiyo Mungu alikuwa anaongea, mara moja tu mu miaka saba, na nikamunyamazisha. Pengine ilikuwa woga ya dada, basi. Siko najua, na sitajua. Nilijaribu kurudi ku mukeka juu nimuombe musamaha. Nikifunga macho tu, ule woga unarudi, na hakuna kitu kingine, siku kwa siku.

Kikundi bado naongoza. Hata leo nimetoka kule. Bamama bamekuja makumi mawili na zaidi, bengi ni bakimbizi, na nimekaa mbele yao na macho imefungwa, nikihesabu mishono ya rideau ya dirisha mu kichwa mupaka nusu saa iishe. Baliondoka na nyuso nyepesi, bakanishukuru. Sina nguvu ya kubaambia.

Mais weye nakuambia. Ningeweza kukuandikia kwamba Jephté anapumua. Ni neno moja tu, na ungelala usingizi leo. Halafu na weye ungeanza kufunika sahani. Hapana, Mama, hiyo siwezi. Sijaingia ndani juu yako, na sitaingia, sababu hakuna pa kuingia. Uwashe moto. Babaake badogo banyoe vichwa, bajirani balale inje pamoja na weye, mulie na sauti yote mupaka mufike mwisho. Usingoje neno tena, kutoka kwangu wala kwa mutu yeyote mwenye kufunga macho. Bakikuuliza nani alikuambia mutoto amekufa, ubajibu kwamba hakuna aliyekuambia. Na bakikuuliza nani alimuambia aende, ubaambie ni mimi.

Unisalimie baba mudogo Omer na bote ba ku nyumba, unisalimie bajirani, na ule mwalimu wa kutoka Kasaï mwenye anakusomeaka barua. Musamaha kwake juu ya uzito wa hii. Na hii vita, njia haipitike kwa mwanamuke peke yake kama mimi, donc sitafika ku kilio. Nitajinyoa hapa, kesho asubuhi, mbele ya kufungua atelier yangu ya kushona.

Bénite atapita kunisalimia, kama kila siku. Ataona kichwa yangu, ataniuliza nani amekufa, na nitamujibu ni Jephté. Halafu ataniuliza kama nilimuona kule ndani.

Ni mimi mutoto wako,
Mélanie Kahongya