Kisu Kipya, Mikono Ile Ile

Jumanne jioni.

Kumbe ni kile kisu changu cha zamani. Wiki tatu nzima nikimenya machungwa ya wateja nayatoboa, maji yanawachuruzikia mashatini, na Zuhura, mwanangu wa kumzaa mwenyewe, ananiambia, "Mama, mikono imechoka. Acha biashara, kaa nyumbani." Nilimjibu vibaya, lakini niliogopa. Nikikaa nyumbani nitakuwa nani?

Leo nimeingia duka la visu Msimbazi na machungwa mawili kwenye mkoba. Mangi mwenye duka akaniamkia, kisha akaniletea kisu cha kukunja, kinang'aa kama cha kukatia keki ya harusi. "Hiki unatembea nacho popote, bibi."

Nikamenya chungwa palepale kwenye kaunta yake. Kisu kikalegea pale kinapokunjikia, chungwa likatoboka.

"Hiki ni cha kupigia picha," nikamwambia. "Lete cha mtu anayefanya kazi."

Akacheka, akatoa cha bei ndogo kuliko vyote: kifupi, chembamba, mpini wa mbao, na ala ya plastiki kisinichanie mkoba. Nikashika chungwa la pili. Ganda likashuka refu mpaka mwisho bila kukatika, na chungwa likabaki jeupe, halijavuja hata tone.

"Bibi, una mikono wewe," akasema.

Najua. Nilitaka tu kusikia kwa mtu mwingine.

Kisu nimekilipia, chungwa nimemwachia. Ganda nimekuja nalo, nimelining'iniza mlangoni kwa Zuhura. Akirudi kutoka kazini, alisogeze ndipo apite.