Mama, Kuku Wako Amerudi Tena

Mama yangu uliyebaki Bwera,

Jana niliwashukuru watu. Nilisimama mbele ya kanisa na lile gauni la kijani uliloninunulia, nikawataja: mchungaji, akina mama wa kwaya, wenye maduka wa Mpondwe, walimu wangu. Nilisema bila wao nisingevifikia visiwa vile vya ng'ambo ya bahari wala kuichunguza miti yake. Walipiga makofi. Sauti yangu niliisikia kama redio ya jirani. Tangu nirudi sihisi kitu, mama. Nakula, nalala, naenda kazini Kasese, na watu wanasema nimejikaza. Sijajikaza. Hakuna cha kukaza.

Unaikumbuka siku ya mnada? Watu walileta ndizi, mihogo na mayai uani kwa kanisa, viuzwe nipate nauli ya kwenda na wanasayansi wenzangu. Wewe ulileta tetea wako mwekundu. Mzee mmoja akakutania: "Huku milima yote ni miti. Sasa mutoto yako anavuka bahari kuangalia miti gani?"

Ulimjibu bila hata kumgeukia. "Acha aende aone. Atarudi atatuambia kama iko na kivuli, kama inazaa kitu."

Afande mmoja wa kambini Kasese akamnunua tetea, kisha akamwinua juu: "Kuku hii mimi narudisha! Uza tena!" Ndivyo ilivyo minada yetu, mwenye moyo hununua na kurudisha. Tetea akauzwa, akarudishwa, akauzwa tena, hadi jioni hakuwa wa mtu, ukamtia kwapani ukarudi naye nyumbani. Tulicheka njia nzima. Ulisema huyo sasa ni kuku wa watu, atakula mahindi yako mpaka nirudi, ndipo utawapikia wote.

Kule kisiwani hapakuwa na mtandao. Boti iliyotuletea maji ya kunywa ndiyo iliyoleta habari kwamba umefariki na wamekwisha kukuzika. Nilimaliza kuupima mti niliokuwa naupima. Sijui kwa nini. Mikono iliendelea tu.

Huku nyumbani hakuna aliyeniuliza habari za miti. Wananipa pole na kiti. Na kwa kuwa wote walijua kabla yangu, sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote kwamba umekufa. Mpaka jana.

Jana nilimpeleka tetea kanisani awe sadaka ya shukrani. Wakati wa mnada, nani akatokea? Yule afande. Alikuwa amehamishiwa mbali kaskazini, na alikuwa amerudi juzi tu. Akamnunua tena, akaja kwangu anacheka.

"Chukua. Narudisha. Mama iko wapi? Ambia yeye kuku yake imerudi."

Nikasema, "Mama alikufa, afande. Mimi nikiwa kisiwani."

Kicheko kikamwisha. "Kaa chini," akasema kwa ile sauti yao ya amri. "Kaa chini kwanza." Nikakaa pale pale kwenye nyasi na gauni langu. Akaniwekea kuku mapajani, akasimama mbele yangu akinikinga na jua. Sikulia. Lakini kuku alikuwa na joto, mama, na joto lile nililihisi.

Basi nikuambie, maana wewe ndiye uliyeuliza. Kivuli kipo. Miti ile imejitandaza juu kama mwavuli, mtu na mbuzi wake wanaenea chini yake. Haizai kitu ambacho ungekipeleka sokoni. Ukiikwaruza hutoa utomvu mwekundu. Na unajua ni miti gani? Ni ndugu wa masale yale uliyopanda mpakani mwa shamba, uliyokuwa ukinifokea nikiyavunja. Nilipouona wa kwanza nilijisemea, mama atacheka mpaka akae chini, nimevuka bahari kwenda kuangalia masale. Hilo nililitunza nije nikuambie mwenyewe.

Leo asubuhi ndiyo mara yangu ya kwanza kufika ulipolala. Kaka zangu wamepanda isale upande wa kichwa chako, nalo limeshika, linatoa majani mapya. Mkono wangu ulienda wenyewe mfukoni kutafuta utepe wa kupimia. Nikauacha humo humo.

Jana nilimshukuru kila mtu isipokuwa wewe. Jina lako lilifika mdomoni likagoma, nikaenda kukaa. Leo nimelisema pale kaburini, na baada yake nikasema asante kwa sauti, huku jirani anapalilia mahindi na kunitazama. Ndipo nikalia, mama. Nimelia mpaka akaacha jembe akaja.

Kuku nimerudi naye kwangu Kasese. Simchinji.

Mimi uliyenituma nikaangalie,
Biira, binti yako wa pili