Wanawake Kumi Walioondolewa na Namba Moja ya Simu

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie. Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa mjini, karani wa skimu moja ya umwagiliaji wa mpunga huku Usangu, na mwezi uliopita mwenyekiti aliniambia nichuje orodha ya waombaji wa majaruba, vile vipande vya shamba la mpunga, kaya moja jaruba moja, basi kwenye kompyuta nikaweka sharti kwamba namba ya simu ikijirudia abaki wa kwanza na wengine waondolewe, nikidhani ni watu wa nyumba moja waliojiandikisha mara mbili, mwenyekiti akanisifu mkutanoni kwamba kompyuta haina ndugu, nami nikavimba kichwa, kumbe wanawake kumi na mmoja wasio na simu, kila mmoja na kaya yake, waliandika namba ya Verediana mwenye duka, kwa hiyo kumi nimewatoa. Nimejua juzi, alipokuja mama Nyamizi, mjane, akapitisha kidole kwenye orodha ubaoni mpaka chini, akasema, "Haya mwanangu, labda mwakani. Asante kwa kazi," na miche yake imeshafikia kupandwa. Alipoondoka nikafungua orodha ya awali kumtafuta, nikakuta namba ile ile kwa wote kumi na mmoja, nikalia. Mgawo ni Jumatatu, mkataba wangu unaisha mwezi huu, na mume wangu anasema, "Mama Adrian, nyamaza tu, nani atajua?" Nifanyeje?

Karani, Usangu

Marahaba, mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikasirika. Umekulia mjini ambako kila mtu ana simu yake, ukadhani namba ni mtu. Ulishindwaje kusoma majina ya uliowatoa kabla ya kubandika orodha? Hata anayepepeta mchele huangalia kinachoanguka chini.

Miche haisubiri gazeti, ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa simu kabla ya kulichapa. Fungua orodha ya awali. Simu isimwondoe mtu. Linganisha waombaji kwa jina la mkuu wa kaya na kitongoji chake. Unayemtoa usimfute, mweke kando na uandike sababu. Kisha kesho asubuhi nenda kwa mwenyekiti useme, "Nimekosea mimi." Usiisingizie kompyuta, ilifanya ulichoiagiza. Atafoka. Mwache afoke.

Mumeo anakuonea huruma, lakini katika hili usimsikilize. Mkataba usipoongezwa utaomba kazi kwingine, na ni chungu, sikufichi. Ila kina mama hao wakikosa mgawo wa Jumatatu, watanunua mchele wa kupima dukani mwaka mzima, huku wanaishi katikati ya mashamba ya mpunga.