Chaja Isiyochaji Simu ya Mtu

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kwa jambo ambalo sijamwambia hata mama, na nakwambia wewe kwa sababu hunijui: kwenye chumba cha kujaribia nguo cha duka letu kuna kamera, mimi najua, na bado nawaambia wateja karibu mama, vulia humu, funga pazia.

Nimemaliza shule juzijuzi na shangazi akanichukua kwenye duka lake la ushonaji, kazi yangu ni kupiga pasi, kubandika pini kwenye pindo na kukaribisha wateja, na mwezi uliopita nilichomeka waya wa simu yangu kwenye chaja nyeupe iliyo ukutani mkabala na kioo, ikakaa saa nzima haijaingiza hata asilimia moja, nikaona mbele yake kitundu kama cha sindano, nikazima taa, nikamulika tochi, ndani kukang'aa kidoti cha kioo.

Nilipomuuliza shangazi akasema, "Yameibwa magauni mawili humu, ulitaka nikae mlangoni niwapekue wateja?"

Nikasema, "Lakini shangazi, si wanakuwa wamevua?"

"Kwani mwizi ataiba bila kuvua? Kapige pasi, mtoto wewe!"

Picha anatunziwa na shemeji yake, mdogo wa mumewe, maana yeye mambo ya simu yanamshinda, na anasema huyo ni mtu wa heshima, hata macho hainui mbele za wanawake. Nikarudi kwenye pasi, nikawa nabadilishia nguo zangu stoo, na hapo ndipo najichukia, mimi nimejificha, wenzangu nawaingiza. Juzi huyo shemeji alipita dukani akauliza kwa upole kama yule mama mwenye kovu la upasuaji ameshachukua sketi yake, na kovu hilo, mshauri, liko chini ya kitovu. Jumamosi wanakuja wapambe wanane wa harusi kujaribu magauni na mmoja wao ni dada yangu. Nikisema, shangazi atanifukuza na baba ataambiwa nimemwaibisha dada yake. Nifanyeje? Tafadhali usimwambie mtu, nanyi mnaosoma gazeti hili, naomba iwe siri yetu.

Mbandika Pini

*

Mbandika Pini, siri yako tumeitunza vizuri: iko ukurasa wa kumi na nne.

Pole, mwanangu. Umeachiwa mzigo ambao watu wazima walipaswa kuuonea aibu. Lakini pole haifuti kosa. Siku uliyohamia stoo ulishajipa ushauri mzuri kabisa, ukasahau kuwagawia wengine.

Shangazi yako analinda magauni mawili kwa miili ya wanawake wa mtaa mzima. Kamera ya kukamata wezi hukaa mlangoni, hadharani, watu waione waogope. Inayojificha ndani ya chaja ina kazi nyingine. Na huyo mheshimiwa asiyeinua macho, ayainue ya nini, wakati ana jingine ukutani?

Sasa nisikilize. Usiivunje wala usiitupe chooni, huo ni ushahidi. Ipige picha hapohapo ilipo, ifunike kwa kitambaa, kisha funga chumba. Mteja akiuliza, mwambie chumba ni kibovu, hutakuwa umedanganya. Shemeji usimkabili peke yako. Mwambie mama yako leo, mwende pamoja polisi, mwombe kuonana na afisa wa kike, na habari ya kovu msiiache. Yule mama naye aambiwe na ninyi, kabla hajaambiwa na mtaa. Na kuanzia sasa, popote mtakapovua nguo, wewe na dada yako, fanyeni ulivyofanya siku ile: zimeni taa, mulikeni tochi taratibu, na kila kifaa kisichofanya kazi yake kitilieni shaka.

Shangazi atakufukuza? Huenda. Pasi ziko nyingi mjini, dada yako ni mmoja.

Hao wapambe wapimiwe nyumbani kwa bibi harusi, shangazi abebe futi yake awafuate huko. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Una Ijumaa nzima.